Skana za mwili mzima viwanja vya ndege Marekani: kisa cha EPIC na TSA, na nini hasa kiliamuliwa

Mjadala wa ukaguzi wa abiria uwanja wa ndege huwa unakwama mapema sana. Mmoja anasema mimi nikaguliwe hadi unyayo ilimradi ndege ifike salama, mwingine anasema mwili wangu sio mali ya serikali, basi kila mtu anashika upande wake na hakuna anayesogea. Mimi nadhani tatizo ni kwamba tunabishana hewani bila kisa mkononi, kwa hiyo leo nataka tuchukue kisa kimoja tu, kesi ya EPIC, taasisi ya Washington inayotetea faragha, dhidi ya Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani, ambayo chini yake ipo TSA, idara inayokagua abiria viwanjani, iliyoamuliwa 15 Julai 2011 kuhusu zile skana za mwili mzima, tuipitie mwanzo mwisho mpaka kilichokuja kutokea miaka kadhaa baadae. Ni kisa ambacho pande zote mbili zina hoja za maana, na humo ndani kuna jambo moja ambalo watu wengi wanalipita bila kuliona.

Tuanze na sababu ya mashine zenyewe. Tarehe 25 Desemba 2009 ndege ya Northwest namba 253 ilikuwa inatoka Amsterdam kwenda Detroit ikiwa na watu karibu 290, na ndani alikuwemo kijana wa Kinigeria wa miaka 23, Umar Farouk Abdulmutallab, ameshona baruti aina ya PETN kwenye chupi. Ndege ikikaribia kutua akajaribu kuilipua, ikawaka moto badala ya kulipuka, abiria na wahudumu wakamkamata na kuuzima moto, na mwaka 2012 akahukumiwa kifungo cha maisha. Sasa PETN ni unga, haina chuma hata kidogo, kwa hiyo lile geti la kawaida la kupima chuma lisingepiga kelele hata angepita mara kumi. Hili ni la kweli kabisa na yeyote anayetetea faragha inabidi alikubali kabla hajaendelea, kwa sababu hoja ya serikali yote imesimama hapo: geti la chuma lilitengenezwa enzi za watekaji nyara wenye bastola, na adui ameshahamia kwenye vitu ambavyo geti haliwezi kuviona.

Lakini hapo hapo kuna upande wa pili wa tukio hilo hilo ambao haukupewa uzito sawa. Baba mzazi wa huyo kijana alishaenda ubalozi wa Marekani Abuja mwezi Novemba 2009, wiki chache tu kabla, akawaambia kwamba ana wasiwasi na mwanae. Jina likaingizwa kwenye hifadhidata kubwa ya washukiwa lakini halikufika kwenye orodha ya wasioruhusiwa kupanda ndege, na viza yake ikabaki hai. Tiketi ililipwa taslimu, na hakuwa na begi la kukabidhi. Rais Obama mwenyewe mwezi Januari 2010 alisema wazi kwamba taarifa zilikuwepo, kilichoshindikana ni kuziunganisha na kuzielewa. Yaani mlango ulioachwa wazi ulikuwa ofisini, kwenye mafaili, ila dawa iliyotolewa ikaenda kupakwa kwenye miili ya abiria wote. Na mwezi Machi 2010 GAO, ile ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ikatoa ushahidi kwamba haijulikani kama hizo skana zingemkamata huyo kijana na silaha ile aliyoitumia. Hapo ununuzi ulikuwa umeshapamba moto, na bei ya mashine moja ilikuwa inazidi dola 150,000.

Mashine zenyewe zilikuwa za aina mbili na tofauti yake ni muhimu huko mbele. Ya kwanza ilitumia eksirei dhaifu inayogonga ngozi na kurudi, unasimama katikati ya makabati mawili makubwa, iliyotumika sana ni Rapiscan Secure 1000. Ya pili inatumia mawimbi ya redio mafupi sana, ni kile kibanda cha vioo cha mviringo unachoingia ukanyanyua mikono juu halafu mhimili unakuzunguka sekunde chache, hiyo ilikuwa ya kampuni ya L-3. Wanaoogopa mionzi waligombana zaidi na ile ya kwanza, ingawa kusema ukweli dozi yake ilikuwa ndogo mno, abiria anapata mionzi mingi zaidi kwa kuruka tu angani kuliko kwa kupita kwenye mashine. Kwa hiyo mimi hoja ya mionzi naiweka pembeni. Kilichonishughulisha ni picha.

Maana zote mbili, mwanzoni, zilitoa picha ya mwili wa mtu kama hana nguo. Umbo la kifua, makalio, sehemu za siri, mfuko wa mkojo wa mgonjwa, pedi, bandeji, titi la bandia la mama aliyefanyiwa upasuaji wa saratani, vyote vinaonekana. Mkaguzi mmoja anasimama na wewe pale kwenye mashine, mwenzake amekaa chumba kingine cha mbali mbele ya skrini, hakuoni uso ila anaona hiyo picha, akiridhika anampa mwenzie ishara upite. TSA walisema picha inapunguzwa makali, inafutwa mara abiria akipita, na anayeiangalia hajui wewe ni nani. Hizo ni kinga za kweli, tusizidharau. Ila abiria aliyesimama pale mikono juu hana namna yoyote ya kuhakikisha hata moja kati ya hizo, anaambiwa tu aamini.

Na uaminifu wenyewe ukaanza kuchanika mapema. Mwezi Januari 2010 EPIC ilipata nyaraka za manunuzi zinazoonyesha kwamba TSA yenyewe iliwataka watengenezaji waweke uwezo wa kuhifadhi na kutuma picha, wakati umma umeshaambiwa mashine haziwezi kabisa. TSA wakajibu kwamba uwezo huo ni wa majaribio tu na unazimwa kabla mashine haijaenda uwanjani. Sawa, pengine kweli. Lakini mwezi Agosti mwaka huo huo ikajulikana kwamba askari wa mahakama za shirikisho huko Florida, idara nyingine kabisa na mashine ya kampuni nyingine, walikuwa wamehifadhi picha zaidi ya 35,000 za watu walioingia kwenye jengo la mahakama Orlando. Haikuwa uwanja wa ndege, na TSA hawahusiki, lakini kila mtu akaona kwamba kitufe cha kuhifadhi kikiwepo kuna siku kitabonyezwa.

Ukikataa skana, njia iliyobaki ni kupapaswa. Na mwishoni mwa Oktoba 2010 TSA wakabadilisha namna ya kupapasa, zamani sehemu nyeti ziliguswa kwa mgongo wa kiganja, sasa ikawa kiganja chenyewe, kinapanda kwenye paja mpaka kinapoishia, na kifuani pia. Hapo watu wakalipuka. Video zikasambaa, kuna watu wakaitisha siku ya kukataa skana kitaifa tarehe 24 Novemba 2010, siku moja kabla ya sikukuu ya kutoa shukrani ambapo Wamarekani wanasafiri kwa wingi. Siku ikafika, waliokataa wakawa wachache, mistari ikaenda vizuri. Kura ya maoni ya kituo cha habari cha CBS mwezi huo ilionyesha karibu watu wanne kati ya watano wanaziunga mkono skana. Sasa hili mimi huwa nalitaja kwa sababu watetezi wa uhuru wanapenda kulificha: wengi walikubali. Ila haki ya mtu kwenye mwili wake haikuwekwa kwenye katiba ili ipigiwe kura na wengi, iliwekwa kwa ajili ya yule mmoja ambaye wengi hawamjali.

Na huyo mmoja alikuwepo wa kila aina. Baraza la Fiqhi la Amerika ya Kaskazini mwezi Februari 2010 lilitoa tamko kwamba skana zinapingana na maadili ya stara ya Kiislamu, likawashauri waumini waombe kupekuliwa kwa mkono badala yake. Wapo waliowahi kubakwa, ambao kwao kuchagua kati ya kuonwa uchi na kushikwa na mtu wasiyemjua hakuna unafuu upande wowote. Wapo wazazi wenye watoto. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba ana hiari, hiari yake ni kati ya vitu viwili ambavyo vyote vinamuumiza, au asisafiri.

Basi Julai 2010 EPIC wakaenda mahakama ya rufaa ya Wilaya ya Columbia, yaani pale Washington, baada ya kuwa wameshaandika barua 2009 na ombi rasmi 2010 wakitaka TSA wawasikilize umma kwanza. Walirusha mishale mingi kwa mpigo: sheria ya kuzuia upigaji picha wa siri wa miili, sheria ya faragha, sheria ya uhuru wa dini, Marekebisho ya Nne ya Katiba, na sheria ya utaratibu wa utawala inayotaka idara ya serikali ikitaka kuweka kanuni mpya itangaze, ipokee maoni ya wananchi, ijibu, ndo itekeleze. Karibu yote walipoteza. Walishinda mmoja tu, huo wa mwisho, na watu wakauona kama ushindi wa karatasi. Mimi naona tofauti, nitafika huko.

Kwanza Marekebisho ya Nne, kwa sababu ndo kiini cha swali letu. Katiba ya Marekani inamlinda mtu na mwili wake, nyumba yake na vitu vyake dhidi ya upekuzi usio na sababu za msingi, na kwa kawaida askari anahitaji kibali au angalau shaka juu yako wewe binafsi. Uwanja wa ndege umewekwa kwenye kapu jingine tangu 1973, mwaka ambao ukaguzi wa abiria wote ulianza rasmi Marekani baada ya wimbi la utekaji wa ndege lililofikia mahali watekaji wa Novemba 1972 walitishia kuiangusha ndege kwenye kituo cha nyuklia cha Oak Ridge. Mahakama zikasema huu ni upekuzi wa kiutawala, lengo lake kumzuia mtu asiingie na bomu, halafu linagusa kila mtu sawa, kwa hiyo hauhitaji shaka juu ya mtu mmoja mmoja. Kinachopimwa ni mizani: upande mmoja upekuzi unaingilia faragha kiasi gani, upande mwingine unahitajika kiasi gani kwa maslahi halali ya serikali.

Jaji Douglas Ginsburg aliyeandika hukumu akaweka vitu kwenye mizani hiyo. Upande wa serikali akaweka uwezo wa skana kuona baruti ya unga au ya maji, kitu ambacho geti la chuma haliwezi. Upande wa abiria akaweka zile kinga, picha iliyopunguzwa makali, kufutwa papo hapo, na haki ya kukataa ukapapaswa. Akasema mizani imeegemea serikali, na kwamba hoja ya EPIC kuwa skana ilipaswa kuja mwisho, baada ya njia nyepesi zaidi, haibadilishi jibu. EPIC wakashindwa hapo.

Sasa mimi nina ugomvi na mizani hii, sio kwamba ni mbovu, ni kwamba ilipimwa na mzigo wa upande mmoja haujafunguliwa. Mahakama ilipokea kwamba skana inaweza kugundua baruti. Inaweza kwa kiasi gani? Mara ngapi kati ya mia? Mtu anayejua mashine inavyofanya kazi akijipanga, atapita au hatapita? Hayo hayakuwa mezani, na kwa kawaida hayawi mezani, kwa sababu serikali inasema ni siri ya usalama, na jaji hana ujuzi wa kubishana na wataalamu wa mabomu. Faragha inapimwa kwa kilichopotea kweli, usalama unapimwa kwa kilichoahidiwa. Mizani ya namna hiyo itaegemea upande ule ule kila mwaka, iwe skana, iwe viatu, iwe chochote kinachofuata.

Tukumbuke hilo halafu tuangalie ule mshale mmoja uliopata. TSA walijitetea kwamba uamuzi wa kuzifanya skana kuwa ukaguzi wa kwanza kwa kila abiria ni jambo la ndani tu, utaratibu wa kazi, haubadilishi haki ya mtu. Mahakama ikakataa. Ikasema mashine inayotoa picha ya mtu bila nguo inaingia kwenye faragha kwa namna ambayo geti la chuma haliingii, na ni utaratibu unaowagusa wananchi wengi moja kwa moja kuliko karibu kitu chochote serikali inachofanya, kwa hiyo lazima umma ungesikilizwa kwanza. Hukumu hiyo hiyo ikakiri kwamba abiria wengi walikuwa hawajui kama wana haki ya kukataa, na waliokataa wengine wakalalamika walipapaswa kwa ukali usio wa lazima.

Kwanini nasema huu sio ushindi wa karatasi: utaratibu wa maoni ni mahali pekee ambapo ule mzigo ambao haujafunguliwa mahakamani unaweza kufunguliwa. Hapo ndo mhandisi anaweza kuandika "kwanini mnahitaji picha yenyewe, si mngeweka kompyuta iangalie", nesi anaandika kuhusu wagonjwa wenye mifuko ya mkojo, mtaalamu wa mabomu anaandika kuhusu unga mwembamba uliobandikwa tumboni, na serikali inalazimika kujibu kwa maandishi. Jaji anauliza kama upekuzi huu unaruhusiwa. Maoni ya umma yanauliza kama kuna namna bora ya kufanya kazi hii hii. Ni swali tofauti kabisa, na kwenye kisa hiki jibu lake lilikuwa ndiyo, ipo.

Ila mahakama ikafanya kitu ambacho mpaka leo sikubaliani nacho. Ilisema TSA wamevunja sheria, halafu ikawaacha waendelee kutumia mashine wakati wanarekebisha, ikiogopa kuvuruga usalama, ikawaambia tu wafanye haraka. Naelewa woga huo, hakuna jaji anayetaka ndege ilipuke wiki moja baada ya kuzima mashine. Lakini angalia haraka yenyewe. Mwaka ukapita hakuna kitu. EPIC wakarudi mahakamani 2012, mahakama ikakataa kuwaamuru TSA ila ikasema inategemea tangazo litoke kabla Machi 2013 haijaisha. Tangazo likatoka 26 Machi 2013. Maoni yakaja kwa maelfu. Kanuni ya mwisho ikachapishwa 3 Machi 2016, karibu miaka mitano baada ya hukumu, wakati mashine zimeshazoeleka mpaka watoto wanajua kunyanyua mikono wenyewe. Mahakama ingeweza kuweka tarehe. Ingeweza kusema mashine ziendelee kama ukaguzi wa pili kwa waliotiliwa shaka mpaka maoni yakamilike. Kati ya kuzima kila kitu na kuacha kila kitu kulikuwa na nafasi kubwa tu na haikutumika.

Sasa twende kwenye lile jambo nililosema watu wanalipita. Siku tano baada ya hukumu, 20 Julai 2011, TSA walitangaza kwamba wanaanza kuweka programu mpya kwenye zile mashine za mawimbi ya redio. Programu inaangalia yenyewe, haitoi tena picha ya mwili wako, inatoa mchoro wa mtu wa kawaida, ule ule kwa kila abiria, na kama kuna kitu cha kutiliwa shaka inaweka kisanduku cha njano mahali husika, kwenye bega, kwenye nyonga, kwenye kifundo. Skrini iko pale pale kwenye mashine, wewe na mkaguzi mnaiona pamoja. Anagusa hapo kwenye kisanduku tu, anaona ni karatasi umesahau mfukoni, unaondoka. Kile chumba cha mbali kikafungwa, na mkaguzi aliyekuwa amekaa humo akarudi kwenye mstari kufanya kazi nyingine.

Fikiria maana yake. Faragha imeongezeka kwa kiwango kikubwa, na usalama haukushuka kwa sababu hiyo, mkaguzi mmoja hata ameokolewa. Kwa hiyo ile miaka yote ambayo tuliambiwa tuchague, ama picha yako ya uchi ama bomu, chaguo lenyewe halikuwepo kwa namna tulivyoambiwa. Na usidhani teknolojia ilikuwa haijazaliwa. Uholanzi ilipotangaza 30 Desemba 2009, siku tano tu baada ya lile tukio, kwamba itazitumia skana kwa abiria wa kwenda Marekani pale Schiphol, uwanja wa Amsterdam, ilieleza kwamba programu yao inaonyesha mchoro na sio picha halisi ya mtu. Yaani wakati Marekani inanunua mashine za picha kwa mamia, jibu lilishakuwepo kwenye uwanja ule ule ambao mshambuliaji alipandia ndege. Kama umma ungesikilizwa 2009 mimi naamini kuna mtu angelisema hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa maoni yake.

Bunge likaja kumalizia kazi. Sheria ya anga ya Februari 2012 ilitaka skana zote ziwe na programu hiyo ya mchoro, na muda wa mwisho ukasogezwa hadi mwisho wa Mei 2013. Rapiscan wakashindwa kuitengeneza kwa mashine yao ya eksirei, mkataba ukavunjwa Januari 2013, na kufikia mwisho wa Mei mashine zote kama 250 za aina hiyo zikawa zimetolewa viwanjani. Ulaya wao walishaamua Novemba 2011: hakuna eksirei, picha hazihifadhiwi, anayeangalia akae mbali, na abiria ana haki ya kukataa akakaguliwa kwa njia nyingine. Walitumia mwaka mmoja na nusu kushauriana kabla, kitu ambacho Marekani waliona hawana muda nacho, na mwishowe Marekani imefika karibu mahali pale pale kwa gharama kubwa zaidi.

Halafu mwaka 2014 likatoka jambo ambalo lingepaswa kuwa habari kubwa. Watafiti wa vyuo vikuu vitatu vya Marekani walinunua Secure 1000 moja iliyotumika kwenye eBay, wakaichezea, wakaonyesha kwamba mtu anayeijua anaweza kuipita na bastola ikiwa imebandikwa pembeni ya mwili, kwa sababu chuma kinaonekana cheusi na nyuma ya mtu pia ni kweusi, na kwamba vilipuzi vya plastiki vinaweza kukandwa vikafuata umbo la tumbo visionekane. Kumbuka hii ndo mashine iliyowavua watu nguo kwenye skrini kwa hoja kwamba usalama unadai hivyo. Upande wa faragha ulipoteza kitu halisi, na upande wa usalama ulipokea kidogo sana kuliko ilivyosemwa. Mwaka uliofuata vyombo vya habari vikatoa matokeo ya majaribio ya siri ya mkaguzi mkuu wa wizara, wapimaji waliojifanya abiria walipitisha silaha au mabomu bandia mara 67 kati ya 70, na kaimu mkuu wa TSA akaondolewa kwenye nafasi yake. Hapo sio mashine peke yake, kuna watu waliochoka, mafunzo, na presha ya kusukuma foleni. Lakini takwimu kama hiyo ilitakiwa iwe kwenye mizani ya jaji.

Nisiifanye ile programu ya mchoro iwe malaika. Mchoro ni wa mtu wa kawaida, na programu imefundishwa mwili wa kawaida ukoje, sasa asiyefanana na kawaida hiyo ndo analipa. Kwa miaka mingi mkaguzi alilazimika kubonyeza kitufe cha mwanaume au mwanamke kwa kukutazama tu, watu waliobadili jinsia wakawa wanawekewa kisanduku cha njano sehemu za siri kila wakisafiri, mpaka TSA wakatangaza Machi 2022 kwamba watabadilisha programu isitegemee jinsia. Nywele nene, rasta, mabutu, vilemba, mguu wa bandia, bandeji, vyote hivi vinaleta kisanduku. Wanawake weusi walilalamikia kupekuliwa nywele mpaka TSA wakafikia makubaliano na ACLU, chama cha kutetea haki za raia, mwaka 2015 wa kuwafundisha wakaguzi upya. Kwa mtu ambaye mashine inampitisha kila mara, ukaguzi umekuwa kitu chepesi kabisa, na ndo maana hana hasira tena. Kwa mwingine ni kupapaswa mbele za watu safari baada ya safari, na yeye hajafanya chochote zaidi ya kuzaliwa au kuugua. Mizani inayowajumlisha abiria wote kwa pamoja inamficha huyu ndani ya wastani.

Na kuna kipengele kingine kilipita kimya kimya. Mahakama 2011 iliegemea sana kwenye hoja kwamba abiria anaweza kukataa skana akachagua kupapaswa, ilikuwa moja ya nguzo za hukumu. Desemba 2015 wizara ikabadilisha waraka wake wa faragha ikasema TSA sasa wanaweza kumlazimisha abiria fulani kupita kwenye skana hata kama amekataa, pale usalama unapohitaji. Nguzo moja ikasogezwa, na ukisoma sababu yenyewe, kwamba picha sasa ni mchoro tu, unaona ina mantiki fulani, hata mimi ningechagua mchoro kuliko mikono ya mtu. Lakini yule aliyeombwa ahukumu 2011 alihukumu akiwa na nguzo zote, na hakuna aliyemrudia kumuuliza.

Tukija kwenye hukumu yangu mimi juu ya kisa hiki: TSA walikuwa sahihi kwamba geti la chuma limepitwa, mahakama ilikuwa sahihi kwamba Katiba haikatazi skana, na EPIC walikuwa sahihi kwa kitu chenye faida kubwa kuliko vyote, kwamba huwezi kuleta mashine kama hii bila kuuliza. Ningekuwa naandika kanuni leo kwa mashine yoyote inayokuja, iwe ya kusoma uso au nyingine, ningeweka masharti machache ya wazi. Matokeo ya majaribio ya mashine yapelekwe kwa mkaguzi huru mwenye kibali cha kuona siri, ambaye atamwambia jaji kwa namba kama inafanya kazi. Kitu kisichohitajika, kama picha au sura ya mtu, kisitengenezwe kabisa tangu kiwandani, sio kuzimwa baadae. Idadi ya wanaopekuliwa kwa mkono itolewe hadharani kila mwaka ikionyesha ni akina nani, ili yule wa nywele na yule wa mguu wa bandia aonekane. Na mahakama ikisema utaratibu umevunja sheria, iandike tarehe ya mwisho kwenye hukumu yenyewe, na idara ikipitiliza tarehe hiyo mashine zizimwe.